Mgongo Uliopinda Tangu Kuzaliwa: Nauli Kwanza au Vipimo Kwanza?

Tuanze na nauli, maana ndiyo fedha ambayo mtu wa Mpanda, mkoani Katavi, huitoa kabla hata daktari hajamgusa mgongo. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida hutoza Sh 48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati Sh 67.84. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa njia ya Koga, Tabora, Manyoni na Dodoma ni takriban kilomita 1,180. Hiyo ni kama Sh 57,000 kwa basi la kawaida, na Sh 80,000 kwa daraja la kati. Mbeya, kupitia Sumbawanga na Tunduma, ni kilomita 570 hivi, sawa na Sh 27,600. Mwanza, kupitia Tabora, Nzega na Shinyanga, ni kama kilomita 700, karibu Sh 34,000. Viwango vikipanda, umbali utabaki uleule.

Sasa zidisha. Mgonjwa wa mgongo hasafiri peke yake. Lazima awepo wa kumbebea mzigo na kumshika mkono kwenye ngazi za basi. Watu wawili, kwenda na kurudi, Dar ni Sh 228,000 na Mbeya ni Sh 110,000. Wala haendi mara moja. Kuna kliniki ya kwanza, kuna kurudi na majibu, kuna tiba yenyewe. Safari tatu za Dar ni Sh 684,000. Ukiuza mahindi kwa Sh 600 kwa kilo, hayo ni magunia kumi na moja ya kilo mia na ushee. Hapo hujalala popote, hujala, wala hujalipia kipimo hata kimoja.

Nimeona familia zikianzia hapo hapo pa mwisho. Ng'ombe wawili wanauzwa, kijana anapakiwa kwenye basi la alfajiri bila barua ya rufaa, na baada ya siku kadhaa za kupanga foleni mjini daktari anamwambia: kalete kwanza picha ya eksirei, ultrasaundi ya figo na majibu ya mkojo. Vyote hivyo vingepatikana nyumbani. Hakuna aliyemwibia mtu. Wamenunua tu kitu cha tatu kabla ya cha kwanza.

Watu ninaowaandikia ni watu wazima. Wapo Makanyagio na Nsemulwa, wapo zaidi huko Karema, Mwese na Majimoto, waliozaliwa na mgongo usio sawa na hawajawahi kupigwa picha ya mgongo maishani. Si uzembe wa wazazi wao. Mpaka mwaka 2012 Katavi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa, na mambo makubwa ya hospitali yalifuatwa Sumbawanga kwa barabara ya vumbi au tope, kutegemea mwezi. Kwa upande wa Tabora tegemeo lilikuwa treni ya Kaliua, kwenye reli ambayo mkoloni aliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, si kwa ajili ya wagonjwa. Lami ya Tabora hadi Mpanda ni ya juzi tu. Mtu mwenye miaka 35 leo alikuwa mtoto wakati ambapo kumtibu kungekuwa rahisi zaidi kwa daktari na kugumu zaidi kwa baba yake.

Mitaani wote hawa huitwa kwa jina moja, kibiongo. Jina hilo, licha ya kuumiza, linaficha magonjwa tofauti yenye bei tofauti kabisa, kwa hiyo tulipasue.

La kwanza ni pingili zilizoumbika vibaya. Pingili za mgongo hujijenga mapema mno, kati ya wiki ya nne na ya sita ya mimba, wakati akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Pingili moja ikiumbika nusu, kama kabari, au mbili zikashikana upande mmoja, mgongo utapinda kadiri mtoto anavyorefuka. Hukadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa hivyo. Moyo na figo hujijenga majira hayohayo, ndiyo maana mwenye pingili mbovu huweza kuwa na figo moja, au tundu kwenye moyo, bila kujua.

La pili ni mgongo wazi. Ule wa kidonda kinachovuja maji tangu siku ya kuzaliwa, mtoto asipofungwa haraka mara nyingi haishi. Wanaofika utu uzima bila tiba kwa kawaida ni wale ambao uvimbe wao ulifunikwa na ngozi: donge laini kiunoni, kishimo, au kishungi cha nywele pale juu ya makalio. Mishipa ya fahamu inaweza kuwa imenasa ndani yake, na huanza kudai ukubwani, kwa ganzi ya miguu, maumivu ya kiuno, na mkojo usiozuilika au usiotoka wote.

La tatu si la kuzaliwa kabisa, ila hujifanya. Ni kifua kikuu cha mgongo. Nundu yake huwa kali, yenye pembe, na huja na maumivu, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kama picha yako ya kumaliza darasa la saba inakuonyesha umesimama wima, ukapinda baadaye na maumivu juu, lifikirie hili kabla ya mengine yote. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure Tanzania. Sijui chaguo jingine katika makala haya lenye tofauti kubwa ya bei kuliko hilo: kozi ya vidonge bila malipo upande mmoja, vyuma mgongoni upande wa pili. Na kwa kuwa huku kwetu wafugaji ni wengi na maziwa mabichi yanapendwa, mwambie daktari pia kama unayanywa. Bruselosi, ugonjwa uleule unaotupisha mimba ng'ombe, hushambulia pingili za binadamu, nao una dawa za kawaida.

Kwa hiyo kituo cha kwanza ni Mpanda. Kinachotakiwa ni eksirei ya mgongo mzima ukiwa umesimama, si kipande cha kiuno peke yake. Ultrasaundi ya figo na kibofu. Kipimo cha mkojo. Kipimo cha damu cha utendaji wa figo. Na uchunguzi wa kifua kikuu. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa IMF wa Sh trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya Uviko-19, na sehemu yake ikanunua mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa. Uliza dirishani kama ya Mpanda inafanya kazi siku hiyo, kabla hujaenda kuilipia mkoa mwingine.

Hapa ndipo kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, imekuwa ikilipa. Bei yake imekuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, nayo imekuwa ikitambulika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Safari moja ya mtu mmoja kwenda Mbeya, bila kurudi, inakaribia bei hiyo. Lakini isome vizuri: inaishia mkoani. Haivuki kwenda hospitali ya kanda wala taasisi ya taifa, na wengi huligundua hilo wakiwa tayari kwenye foleni ya Dar. Mwenye NHIF, bima ya taifa, anafika mbali zaidi, ila naye bila karatasi ya rufaa atapata tabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, kwa hiyo kadi na bei hizi zinaweza kuwa zimebadilika. Fika ofisi ya bima Mpanda uulize kitita chako kinasemaje kuhusu upasuaji wa mgongo, vyuma vyake na MRI. Taja vyote vitatu kwa jina, kimoja kimoja.

Kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia, zilizoanza kuzunguka hospitali za halmashauri mwaka 2024, nazo zina faida yake kwa mtu wa namna hii. Kwenye kambi hakuna wa kukunyoosha mgongo. Kuna daktari bingwa wa upasuaji na wa magonjwa ya ndani, ambao wanaweza kusoma picha zako na kuandika rufaa yenye maana, na nauli yake ni ya bodaboda.

Baada ya vipimo ndipo lije swali ambalo watu hulikimbia: unanunua nini? Wengi wananunua unyoofu. Wanataka shati likae sawa, wanataka waoe au waolewe bila minong'ono, na mimi siwalaumu. Lakini kwa mtu mzima unyoofu ndiyo bidhaa ghali kuliko zote dukani, na mara nyingi haipatikani yote. Mgongo wa miaka 35 umekwisha kukaza. Mbavu zimekua kwa kuufuata. Kuunyoosha kwa nguvu kunahitaji kukata mifupa, na ukivutwa kupita kiasi mishipa mikuu ya fahamu inaweza kuumia na miguu ikapooza. Daktari mwaminifu atakuambia mapema kwamba analenga kuzuia usizidi kupinda, na kurudisha sehemu tu ya ulichopoteza.

Bidhaa nyingine ni pumzi, miguu na figo. Hizo ndizo ningezinunua mimi. Mkunjo hupimwa kwa nyuzi. Unaozidi nyuzi 50 unaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mwili kuacha kukua, kwa takriban nyuzi moja kila mwaka. Ukifika nyuzi 80 hadi 100 sehemu ya kifua, mapafu yanabanwa, na baadaye moyo huelemewa. Mwenye mkunjo mdogo usiosogea, anayelima na kupumua vizuri, hana sababu ya kukimbilia kisu. Atajuaje kama hausogei? Kwa eksirei mbili zilizopigwa kwa kupishana miaka michache. Ndiyo maana bahasha ya kaki yenye picha hizo isitumike kufungia mbegu.

Kuna wanaouza njia fupi. Mjomba wangu aliwahi kununua mkanda wa mgongo kwa mchuuzi aliyepanda basi njiani, akaahidiwa kunyooka ndani ya siku arobaini. Miezi sita baadaye mkanda ulikuwa unafungia mizigo kwenye baiskeli, na kazi hiyo uliiweza. Mkanda unaweza kupunguza maumivu ya kiuno kwa siku chache za kazi ngumu. Pingili iliyoumbika nusu hauigeuzi, hata kwa mtoto. Mazoezi ya mtaalamu wa fiziotherapia nayo hayanyooshi, lakini hupunguza maumivu na hufungua kifua, na ukishafundishwa unayafanya kwenye mkeka wako bila kulipa. Wakandaji ndio wanaonitisha. Kumkanda mwenye donge kiunoni ni kukanda mishipa ya fahamu kwa viganja. Hilo nalikataa bila kubembeleza.

Ukithibitika unahitaji mpasuaji, milango ni kadhaa. Katavi iko kwenye ukanda unaohudumiwa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa hesabu ya nauli ndiyo ya kwanza: bingwa wa mifupa akuone huko kwanza, aseme kama ni kazi yake au ya juu yake. Bugando ya Mwanza, inayohudumia wagonjwa tangu 1971, inawafaa wenye ndugu kanda ya ziwa, na ndugu mwenye chumba ni punguzo kubwa kuliko lolote utakalopewa dirishani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iko njiani kwenda Dar.

Kisha kuna MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyomo ndani ya eneo la Muhimbili, iliyopewa sheria yake na Bunge mwaka 1996. Kwa zaidi ya miaka kumi wataalamu wa Weill Cornell ya New York wamekuwa wakija kufundishana na madaktari wa hapo upasuaji wa ubongo na mgongo, na kunyoosha vibiongo ni miongoni mwa kazi zinazofanyika. Kwa mkunjo mgumu wa mtu mzima, hapo ndipo ningeelekea ndani ya nchi, hata kama nauli ni mara mbili ya Mbeya. Upasuaji wa namna hii unahitaji mikono iliyozoea, damu ya kutosha na chumba cha uangalizi maalumu baadaye, na hayo hayapimwi kwa kilomita.

Kuhusu safari yenyewe: basi la moja kwa moja ni Sh 57,000, lakini ukishuka Dodoma, kwa kama Sh 35,400, na kupanda treni ya SGR ya kawaida, ambayo nauli yake ilianza kwa Sh 31,000 mwaka 2024, jumla ni Sh 66,400. Unaongeza kama Sh 9,000 na mgongo unaepuka kilomita 450 za mwisho za kiti cha basi. Kwa mwenye vyuma vipya mgongoni anayerudi nyumbani, sioni sababu ya kubana hizo elfu tisa.

Usikubali kuambiwa bei ya upasuaji kwa neno moja. Uliza: vyuma na skrubu vimo au vinalipiwa kando? Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya ankara. MRI ya kuangalia kama mishipa imenasa imo? Kipimo cha moyo je? Siku za uangalizi maalumu zinahesabiwaje zikizidi? Ndugu wangapi wanatakiwa kuchangia damu, na wanaweza kuchangia Mpanda au lazima wasafiri? Mishipa ya fahamu itafuatiliwa kwa mashine wakati wa upasuaji? Na bingwa amewapasua watu wazima wangapi wenye mkunjo kama wangu? Swali la mwisho si utovu wa adabu. Ni mgongo wako, daktari atakuelewa.

Nje ya nchi, India ndiyo inayotajwa zaidi, na uzoefu wao ni mkubwa. Lakini weka viza, ndege ya watu wawili, chumba cha wiki kadhaa, na swali la nani atakutazama ukirudi skrubu ikilegea. Barani kwetu lipo jina moja la kulijua: FOCOS, hospitali ya Accra iliyofunguliwa 2012 na Dkt. Oheneba Boachie-Adjei, bingwa wa migongo migumu kabisa. Kutoka Addis Ababa, Dkt. Rick Hodes amekuwa akipeleka huko vijana wa Ethiopia waliochelewa kama tunaochelewa sisi. Wengine huvishwa pete ya chuma kichwani na kuvutwa taratibu kwa wiki kadhaa, mgongo ulainike kidogo, ndipo wapasuliwe. Nayataja hayo ili ujue kwamba hata kwenye hospitali inayosifika hivyo hakuna kazi ya haraka. Anayekuahidi siku tatu anakudanganya.

Mwenye mgongo wazi wa ukubwani ana hesabu nyingine, na kwake figo ndizo mali. Kibofu kisichomwagika vizuri husukuma mkojo urudi juu, na miaka ikipita figo zinachoka bila kuuma. Tiba inayookoa ni ya kinyumbani mno: mrija mwembamba unaouingiza mwenyewe, mara nne hadi sita kwa siku, kwa mikono safi. Muuguzi hukufundisha. Ulinganishe mrija huo na kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, kwa mtu anayeishi Karema. Wengi huona aibu kuuliza, wanaume hasa. Muulize muuguzi, si bingwa, kama ndiyo rahisi.

Mwanamke mwenye mgongo uliopinda anayetaka kuzaa aende kliniki mapema na apange kujifungulia hospitali yenye mtoa dawa za usingizi, kwa sababu sindano ya mgongoni inaweza isiwezekane. Aliyezaliwa na mgongo wazi, au aliyezaa mtoto mwenye nao, anatakiwa kumeza foliki asidi ya dozi kubwa walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, kwa maelekezo ya daktari. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga uongezwe foliki asidi, lakini zililenga viwanda vikubwa. Sembe ya mashine ya mtaani kwako, inayosaga mahindi yako mwenyewe, haina kitu hicho.

Na kama nyumbani kuna mtoto, hesabu inapinduka yote. Kasoro ya pingili moja huondolewa vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, mara nyingi kabla ya miaka mitano, kwa upasuaji mfupi na vyuma vichache. Mgongo wazi unatakiwa kufungwa ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Sera ya afya inawasamehe gharama walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto huyo nisingengoja mavuno.

Asiye na uwezo asiondoke dirishani kimya. Kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii inayopima maombi ya msamaha. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo hautoki kwa ajili ya matibabu, lakini ukimpatia mtu cherehani au bajaji mahali pa jembe, mgongo umepunguziwa zigo kila siku.

Mambo machache hayangoji hesabu yoyote: miguu kuanza kukosa nguvu, ganzi sehemu ya kukalia, mkojo au choo kutoka bila hiari, kuhema ukilala chali. Hapo usilinganishe chochote, nenda hospitali ya mkoa leo.

Kwa wengine wote, uamuzi wangu ni huu. Lipia bima ya kaya, maliza vipimo Mpanda, ondoa shaka ya kifua kikuu, nenda Mbeya na barua ya rufaa. Tiketi ya Dar kata ukiwa na tarehe ya kliniki mkononi. Na picha zako zipakie kwenye begi unaloshika mwenyewe, si kwenye buti la basi.